Usiulize ni nani, uliza ni nini: kulinda kuku wakati wa kipwa

Masomo: Mithali 27:23-27, Mithali 12:10, 2 Wafalme 20:1-7, Mathayo 23:37

Mama aliye jikoni, sogeza redio karibu. Baba uliye chini ya mwembe, tega sikio. Neno la leo ni la nyumba nzima.

Leo sitahubiri juu ya simba wa Danieli wala samaki wa Yona. Nitahubiri juu ya kuku. Usicheke. Bwana wetu mwenyewe alipotaka kuonyesha upendo wake kwa Yerusalemu, hakuchukua mfano wa tai wala wa farasi wa mfalme. Alichukua mfano wa kuku na vifaranga vyake. Kama Bwana hakuona haya kumtaja kuku, mtumishi wake ataona haya kwa nini?

Wapendwa, kipwa kimeingia. Mvua imekatika, majani yamekauka, vumbi linapanda. Usiku unatafuta blanketi, na asubuhi ukungu umelala juu ya mto. Mungu alimwahidi Nuhu kwamba baridi na joto havitakoma maadamu dunia ipo, kwa hiyo kipwa si ajali, ni majira yanayojulikana. Lakini kila mwaka, kati ya mwezi wa sita na mwezi wa nane, tunasikia kilio kilekile katika avenyu zetu: kuku wamekwisha. Mama alikuwa na kuku kumi na wawili. Wiki moja tu, amebaki na wawili. Na kuku wale hawakuwa pambo. Walikuwa madaftari ya mwezi wa tisa. Walikuwa uniformu ya kijana wa sekondari. Walikuwa dawa ya mtoto akishikwa na malaria usiku.

Kilio hicho kinatosha kuumiza. Lakini baada yake linakuja jambo baya zaidi. Watu wanakaa chini na kuuliza: "Ni nani?" Hawaulizi "ni nini?" Wanauliza "ni nani?" Halafu macho yanamgeukia bibi mmoja mjane wa nyumba ya tatu, kwa sababu ana macho mekundu, kwa sababu hana mtoto wa kumtetea, kwa sababu juzi alipita akasema, "Kuku wako wamenenepa." Na wakati mwingine anayemnyoshea kidole ni mtu mwenye Biblia mkononi, anayejiita nabii. Neno langu leo ni hili: ndugu, kabla hujauliza ni nani, uliza ni nini. Mithali 27:23 inatuagiza tujue kwa bidii hali ya mifugo yetu. Andiko linasema tujue, halisemi tubahatishe wala tutafute mchawi.

NI NINI?

Ugonjwa unaomaliza kuku wakati wa kipwa, mara nyingi sana, una jina. Wengine wanauita kideri. Madaktari wa mifugo wanauita Newcastle. Newcastle ni mji wa Uingereza, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926. Mwaka uleule ulionekana pia Java, kule Asia. Sasa nijibu: bibi wa nyumba ya tatu alikuwa Uingereza mwaka 1926? Alikuwa Java?

Tazama dalili zake. Kuku anasinzia mchana, manyoya yamesimama, mabawa yameanguka. Kinyesi ni cha majimaji, cha kijani. Anahema kwa shida, mdomo wazi. Wengine shingo inapinda, anazunguka kama amelewa, au miguu inakataa. Wanaotaga wanaacha kutaga au wanatoa mayai laini. Kisha wanakufa, wengi kwa siku chache. Ukiona hivyo, usikimbilie kwa mganga. Ni kirusi, kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho.

Kwa nini kinapenda kipwa? Kwanza, kuku wenyewe wamechoka: chakula cha kuokota kimepungua, maji ni machache, usiku ni wa baridi. Pili, barabara zimekauka, basi wachuuzi wanasukuma baiskeli zenye matenga ya kuku kutoka kijiji hata kijiji, na ugonjwa unasafiri nao. Unasafiri katika kinyesi kilichoshika viatu vyetu, katika tenga lisilooshwa, katika manyoya na matumbo tunayotupa nyuma ya nyumba. Baridi peke yake haiui kuku mzima mwenye manyoya yake. Joto la mwili wake ni kama digrii 41, lapita la kwako. Baridi inamdhoofisha aliye na njaa, kisha ugonjwa unamkuta mlango wazi.

Mtu atasema, "Mchungaji, wewe ni mpentekoste, huamini maombi?" Ninaamini. Lakini fungua 2 Wafalme, sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua, akaomba kwa machozi, na Mungu akasikia. Halafu nabii Isaya akaagiza nini? Akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi yalisikiwa, na dawa ikawekwa. Isaya hakuona ugomvi kati ya hayo mawili. Sisi tunautoa wapi?

CHANJO NA JIRANI

Kideri hakina dawa ya kuponya. Sikia vizuri: ukiwapa kuku wanaougua vidonge vya watu, unapoteza vidonge na kuku. Lakini kina chanjo. Iko ya tone moja katika jicho, tone moja kwa kila kuku, mkubwa au mdogo. Iko nyingine ya kuweka katika maji ya kunywa. Chanjo inapewa kuku wazima, haiwafufui wagonjwa, na inahitaji kama wiki mbili ili nguvu yake ikae mwilini. Kwa hiyo wakati mzuri ni mwezi wa tano, kabla ya kipwa, kisha kurudia kila miezi mitatu au minne. Kama mwezi wa tano ulikupita, na ugonjwa haujafika avenyu yako, nenda wiki hii kwa daktari wa mifugo au ofisi ya mifugo ya teritwari, uulize chanjo iko wapi na inafika lini. Mjane wa Maandiko alimwendea hakimu bila kuchoka. Sisi tunaogopa mlango wa veterineri?

Sasa angalia hekima iliyofichwa hapa. Kichupa kimoja cha chanjo kina dozi nyingi, kupita kuku wa nyumba moja. Na kikisha kuchanganywa, hakiwekwi mpaka kesho. Ni kutumia au kumwaga. Mama mwenye kuku sita hawezi kukinunua peke yake bila hasara. Lakini nyumba kumi na tano zikichanga, kila mmoja anatoa kidogo. Tena ukichanja wako na jirani hakuchanja, ugonjwa unabaki avenyu, unazunguka, unangoja vifaranga vyako vipya visivyochanjwa. Kuku hawajui mpaka wa kiwanja, wala hawajui nani ni mpentekoste, nani mkatoliki, nani Mwislamu. Basi mkutane, mama wa seli ya maombi pamoja na jirani zake Waislamu na Wakatoliki, mpange siku moja, asubuhi mapema kuku wakiwa bado ndani. Dawa hii imetengenezwa kwa namna ambayo lazima uongee na jirani. Na yule bibi wa nyumba ya tatu, nendeni kwake wa kwanza. Kama hana franka, mmoja amlipie. Hapo mtakuwa mmekemea shetani kwelikweli.

CHAKULA, MAJI NA NYUMBA

Mithali 12:10 inafundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Kumbe haki haionekani tu katika kunena kwa lugha. Inaonekana pia katika sahani ya maji ya kuku.

Tuanze na maji. Yai, ndugu, sehemu kama tatu kati ya nne ni maji. Kuku anayetaga anakunywa karibu robo lita kwa siku. Wakati wa kipwa visima vinashuka, watoto wanachota mbali, na kuku anakuwa wa mwisho kukumbukwa. Kisha tunashangaa mayai yameisha! Weka maji safi kila asubuhi, kivulini, katika chombo kizito kisichopinduka, na jiwe katikati ili kifaranga kisizame. Maji ya jana yamwage, sahani isugue.

Chakula. Wakati wa mvua kuku wanajitafutia: wadudu, majani mabichi, mbegu. Wakati wa kipwa uwanja ni mtupu. Yusufu huko Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala. Sisi tuna mpunga hapa Kasongo. Tukikoboa, pumba zinabaki. Ziweke pakavu. Mahindi yaliyovunjika, weka. Lakini mahindi yaliyoota ukungu usimpe kuku, yana sumu. Majani ya lengalenga na ya viazi vitamu, yanayomwagiwa maji ya kuogea nyuma ya nyumba, yanabaki mabichi hata mwezi wa saba. Kuku wanayapenda, na kiini cha yai kinakuwa chekundu. Sombe mbichi ya muhogo mchungu usimpe, ina sumu. Ikauke au ichemshwe kwanza.

Mchwa wapo hata wakati wa kipwa. Jaza chungu kikuukuu nyasi kavu na samadi iliyolowa maji, kipindue juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi kifunue, utakuta nyama ya kuku wako bila kulipa hata franka moja. Maganda ya mayai yakaushe motoni, yasage, wape. Ndiyo yanajenga maganda mapya. Usiyatoe mazima, kuku atajifunza kula mayai yake.

Nyumba ya kuku. Mtu anapoona baridi anaziba kila tundu, anawafungia kuku kama viazi ndani ya gunia. Asubuhi ukifungua, harufu inakuchoma macho. Harufu hiyo inachoma pia mapafu ya kuku. Ziba upande wa upepo mpaka juu ya kamba au fimbo wanayolalia, lakini chini ya paa acha nafasi hewa ipite. Sakafu iwe kavu. Mwaga maganda ya mpunga au nyasi kavu, na zikilowa zitoe. Kuku watatu au wanne kwa kila mita moja ya mraba wanatosha. Wawekee fimbo ya kulalia, maana kuku akikaa juu ya miguu yake na kufunika vidole kwa manyoya, amejitengenezea blanketi. Weka sanduku la majivu na mchanga mkavu waogee, ili chawa na utitiri wapungue. Moto wa makaa usiingize humo: moshi wake usioonekana unaua, na cheche moja inatosha kuchoma nyumba yako na ya jirani.

Wengine wamesikia kwamba Ulaya wanawasha taa ili kuku watage wakati wa baridi. Ni kweli, kwa sababu kule mchana unafupika mno; Stockholm mwezi wa kumi na mbili wanaona mwanga saa kama sita tu. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana ni saa kama kumi na mbili mwaka mzima. Usinunue petroli kwa ajili ya taa ya kuku. Nunua mahindi. Na ukiona kuku ametupa manyoya na ameacha kutaga, usimhukumu haraka; anabadilisha nguo. Mlishe vizuri, atarudi kazini.

Na neno kwa wanaopokea wageni. Mgeni akifika, hata akiwa mhubiri, chinja jogoo wa ziada, umwache tetea anayetaga. Jogoo mmoja anatosha matetea kumi. Torati, katika Kumbukumbu 22, inamkataza mtu kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Inamwambia mama aachwe aende. Mungu alifikiria kesho ya kiota. Nawe mchungaji mwenzangu unayekaribishwa, ukiona mama anamkimbiza tetea wake pekee, mwambie, "Mama, sombe inatosha."

HAKI SOKONI

Hapa ninataka tusikilizane kwa unyenyekevu. Ugonjwa unapoingia nyumbani, shauri la kwanza linalokuja kichwani ni hili: "Niwauze haraka kabla hawajafa." Asubuhi kuku anayesinzia anafungwa miguu, anapelekwa sokoni, anauzwa kwa mama asiyejua. Mama yule anamweka pamoja na wake. Baada ya wiki, avenyu yake inalia. Na yeye naye anauliza, "Ni nani?"

Ndugu yangu, jibu liko mfukoni mwako. Wewe unamtafuta mchawi anayeua kuku wa watu usiku, kumbe kuku wa yule mama wameuawa mchana, sokoni, kwa franka ulizopokea. Yesu, katika Mathayo 7:12, ametuagiza tuwatendee wengine yale tunayotaka watutendee. Basi kuku mgonjwa asitoke kwako. Aliyekufa mchome au mfukie shimo refu, mbwa wasimfikie. Aliyenunuliwa mpya, au aliyeletwa kama mahari au zawadi, akae mbali na wengine wiki mbili ndipo achanganywe. Ni hasara? Ndiyo. Lakini hasara ya haki Mungu anajua kuirudisha. Faida ya udanganyifu inakula nyumba.

Sisi watu wa nchi hii tunajua soko linavyoweza kugeuka damu. Tarehe 15 Julai 1871, katikati ya kipwa, Livingstone alikuwa hapa Nyangwe. Aliandika kwamba aliona mtu wa wafanyabiashara wa watumwa akibishana bei ya kuku sokoni na kumnyakua. Muda mfupi baadaye bunduki zikalia, na watu mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, wakafa kwa risasi na majini ndani ya Lualaba. Kuku hakuwa sababu ya mauaji yale. Sababu ilikuwa moyo uliomhesabu jirani kuwa si kitu. Lakini moyo huo ulijionyesha kwanza katika jambo dogo, katika kuku wa mama sokoni. Leo hatuna bunduki mkononi, lakini tukimfukuza mjane kwenye nyumba yake kwa sababu kuku wamekufa, tofauti yetu ni ipi? Yeye aliye mwaminifu katika dogo, asema Bwana katika Luka 16, ndiye atakayekuwa mwaminifu katika kubwa.

MBAWA ZA BWANA

Amka kesho alfajiri, kabla jua halijatoka, uende pole pole mpaka kwenye nyumba ya kuku. Mtazame mama kuku. Hana vifaranga mbele yake, hana nyuma yake. Wako wapi? Wako chini. Utaona kichwa kimoja kidogo kinachungulia kati ya manyoya. Baridi inampiga yeye mgongoni, wao wanalala. Mwewe akija, atamkuta yeye kwanza. Ndivyo Yesu alivyosema juu ya mji uliokuwa unajiandaa kumsulubisha: alitamani kuwakusanya, nao hawakutaka.

Nyumba ya Mungu ni mahali pa mabawa. Basi kanisa linalowasukuma wazee nje katika baridi, linalowaita wachawi kwa ajili ya kirusi cha kuku, limesahau liko chini ya mabawa ya nani. Mungu ambaye hata shomoro mmoja haanguki bila yeye kujua, anamjua yule bibi kwa jina.

Kazi ya wiki hii, mama na baba. Jioni ya leo, wahesabu kuku wako wanapoingia, umtazame kila mmoja. Kesho, oshea sahani ya maji. Kabla ya Jumapili, zungumza na nyumba tano za jirani juu ya chanjo. Na umsalimie bibi ambaye watu wamemnyamazia.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe uliyeweka kipwa na mvua, utupe moyo wa mlinzi. Utuepushe na ulimi unaowasingizia wanyonge. Bariki kazi ya mikono ya mama zetu, linda mifugo yao, ili mwezi wa tisa watoto waingie masomoni. Na wote walio katika baridi, wajane na wakimbizi waliotoka Kabambare na kwingineko, wapate mahali chini ya mabawa yako, na chini ya paa zetu. Katika jina la Yesu. Amina.